Ndume wa Mwalimu Mbinya

Mwalimu Mbinya alitufundisha kuchora katika shule ya msingi pale Emali, mwaka wa themanini na sita. Hakujua kukaa. Alifundisha akitembea, na ukidhani umemaliza picha yako, alikuja kukusahihishia mguu au mkia. Shule zikifungwa alipaka rangi mabango ya mafundi viatu na ya vinyozi. Ukuta mzima hakuna aliyewahi kumpa, mpaka Gabow, mfanyabiashara wa mifugo, alipofungua bucha mwaka wa tisini na moja.

"Nichoree ndume," Gabow alimwambia. "Watu usiniwekee. Sisi Waislamu hatupendi sura za watu ukutani."

Mwalimu alichora siku tatu. Mimi nikiuza maziwa hapo karibu, mtoto mgongoni, nilimwona akishuka ngazi na kupanda tena kwa sababu ya ukwato mmoja tu.

Siku ya kufungua bucha, Mzee Kivuva, mfugaji wa pale kwetu, alisimama akaangalia paja la yule ndume. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya moto, ile ambayo kila ukoo kwetu huwachoma nayo ng'ombe wake ili wajulikane.

"Gabow! Huyu ni wa ukoo wetu. Ulimnunua kwa nani?"

"Mzee, hiyo ni rangi."

"Na rangi ilijuaje alama yetu?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akarudisha nyama kwenye mizani. "Mimi sili ng'ombe wa wizi."

Gabow hakucheka. "Mwalimu, ikifika saa sita nampaka huyu ndume chokaa. Mwili mzima, mpaka pembe."

Mwalimu alienda barabarani, akarudi, akaenda tena.

"Si ufute alama tu?" nikamwambia.

"Nikifuta, atakuwa ng'ombe wa nani?"

Akapanda ngazi. Alichora kamba kutoka shingoni mwa ndume, halafu mikono miwili, mmoja ukiitoa kamba, mwingine ukiipokea, vile hufanywa sokoni watu wakishapatana. Mikono tu, bila sura.

Mzee Kivuva aliangalia kwa muda. "Haya. Kumbe aliuzwa." Akaingia kununua nyama. Gabow akarudisha ndoo ya chokaa ndani.

Nilimpongeza Mwalimu. Alikuwa anasugua vidole kwa mafuta ya taa, macho bado ukutani.

"Huyo ndume ni wa baba," akasema. "Wanunuzi walikuja wee, akawafukuza. Ndume alikufa kiangazi cha themanini na nne, baba ameshika kamba."

"Mwalimu, sasa imetosha!" Gabow akaita kutoka ndani.

Lakini Mwalimu alikuwa ameshapanda tena, anaukunja vidole ule mkono unaotoa, usiiachie kamba.