Steringi Aliyeinuka Kitini

Jamani, mpaka leo nikikatiza sokoni Bariadi kuna watu wananiita "Pacha", nami naitika tu, nifanyeje, aibu niliipika mwenyewe nikaipakua mbele ya banda zima.

Mimi ni DJ, siyo wa muziki, wa muvi: nakaa na kipaza sauti kwenye kibanda umiza chetu cha kuonyeshea muvi, Mzungu anaongea kwenye skrini, mimi nawapa watu Kiswahili (na chumvi kidogo, maana ukitafsiri kavukavu wanasinzia). Sheria ya kazi ni moja, muvi uiangalie yote kwanza. Sasa ile ya dada shujaa anayepaa na kiti cha magurudumu niliiona nusu, umeme ukakatika, nikasema aah, steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi, mwisho naujua, nikaenda moja kwa moja kwa Kabula.

Kabula ni fundi cherehani, miguu yake haina nguvu tangu utotoni, anatembelea baiskeli ile ya kuzungusha kwa mikono, nami nilikuwa nampenda muda mrefu bila kupata pa kuanzia (kila wiki nampelekea suruali apunguze kiuno, mpaka zote zikanibana). Nikamwambia, "Njoo Jumamosi mchana, kuna steringi kama wewe, anawachakaza wanaume."

Akacheka, akaniita "mwanaume" kwa Kisukuma. "Kweli, ngosha? Mbona kwenye muvi watu kama mimi huwa ni maadui, au wanakufa mapema?"

"Huyu hafi," nikaapa.

Akaja na gauni jipya, akakaa mbele kabisa. Mwanzo raha tupu, dada anapaa, anapiga, Kabula anashangilia kuliko wote, nami namtazama yeye kuliko skrini. Mara daktari mmoja akammwagia yule dada dawa ya bluu akiwa amelala, naye akainuka, akatembea! Banda likalipuka kwa shangwe, halafu, Mungu wangu, vichwa vyote vikageuka kumtazama Kabula, na uso wake ukanywea.

Hapo ningenyamaza. Mimi nikadaka kipaza sauti: "Huyo siyo yeye, ni pacha wake!"

"Pacha katoka wapi?" mzee mmoja akauliza. Nikasema alikuwa masomoni. Mama mtu akamkumbatia huku analia, nikasema anamlilia yule wa kwenye kiti. Kiti kikatupwa mtoni, nikasema kinapelekwa kwa fundi.

"Fundi anakaa majini?" Yule mzee tena. Watu hoi. "Na steringi mwenyewe yuko wapi?"

Jasho linanitiririka, nikajibu, "Kaenda hapo Lalago kumsalimia shangazi." Weee! Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likapinduka nao.

Kabula hakucheka. Akainua mkono. "DJ, sema kweli. Kaponywa?"

"Kaponywa."

"Aliomba kuponywa?"

"Hakuomba."

"Basi hiyo muvi haina akili. Kawashinda wote akiwa amekaa, sasa miguu ya nini? Na kiti kilichokuwa kinampaisha wanakitupaje?" Machozi yakamtoka. "Nilidhani safari hii atabaki alivyo."

Roho iliniuma, nikasahau kabisa kwamba kipaza sauti kiko wazi. "Kabula, nisamehe, mimi nakupenda hivyohivyo ulivyo, sikutaka uumie." Spika ziko mbili, moja ipo nje ya kuvutia wateja, inaangalia stendi. Bodaboda wote wakapiga honi.

Nilitamani ardhi inimeze. Kabula akajifuta macho na upindo wa gauni. "Unanipenda, halafu unanidanganya mbele za watu kama mtoto?" Akanyoosha kidole kwenye spika. "Zima hayo madude, uje uniambie mimi mwenyewe."

Nikazima, nikaenda, nikamwambia.

Tangu siku hiyo sitafsiri muvi ambayo sijaimaliza, tena naiangalia kwanza na mke wangu Kabula. Wakianza kuponyana anasonya, "Haya, wameanza," na kuna siku anacheka, kuna siku analia kabisa, nami namshika mkono nakaa kimya. Nimeapa, machozi yake sitayatafsiri tena.