Jumla Kubwa Kuliko Zote

Kazini walimwita Bi Jumla, na si kwa mapenzi. Kila msimu wakurugenzi walimletea miradi: madaraja, mitaro, mabomba ya maji. Yeye aliipima kwa faida na kwa wahandisi waliopo, akapiga hesabu ya nani aende wapi ili faida ya miradi yote ikijumlishwa iwe kubwa kabisa, na mhandisi wa watu akajikuta porini. Ukimlilia, jibu lake lilikuwa lile lile: "Usijitazame wewe, tazama jumla."

Safari hii hesabu ilimtupa mdogo wake wa kiume, naye mhandisi, kwenye bwawa la mbali, miaka miwili.

Ndugu hao waliishi na baba yao, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja. Mzee alikuwa na ukaidi wake: hakula ila kwa mkono wa mwanawe wa kiume. Nesi alijaribu, akatemewa uji. Tangu baba aanguke, Bi Jumla moyo ulimfa ganzi. Alikwenda kazini na kurudi, basi.

"Dada, kwa mitaro ya hapa mjini hakuna anayenifikia," mdogo wake alimwambia jikoni. "Hata kompyuta yako inajua."

"Inajua. Lakini mwenzako atakayebaki hapa anaweza mitaro tu, bwawa litamshinda. Wewe unaweza vyote. Nikikubakiza hapa, jumla inashuka."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuijua kazi."

"Ndiyo."

"Na baba je? Si uweke hata alama ya nyumbani, ya mwenye mgonjwa?"

Alama hiyo iliwahi kuwepo. Aliifuta mwenyewe, pale wahandisi wote, mabachela kwa wenye wajukuu, walipoanza kuuguza bibi zao kwa pamoja. Ofisi nzima ilicheka, ikamsifu. Akiirudisha leo kwa ajili ya ndugu yake, wangemsema mpaka achoke. Hilo ni kweli. Lakini kweli pia ni kwamba hakuwa na nguvu ya kupigania chochote, na kuiachia hesabu iamue kulikuwa rahisi.

Mdogo wake aliondoka Jumapili. Jioni Bi Jumla akaketi kando ya kitanda cha baba, bakuli mapajani, akapeleka kijiko.

"Mwenyewe yuko wapi?" mzee aliuliza, maneno yakimtoka kwa taabu.

"Kazini, baba. Mbali."

"Nani kampeleka?"

Angeweza kusema ofisi. Angeweza kusema hesabu.

"Mimi."

Baba alimtazama, kisha akafumba mdomo. Bi Jumla alibaki na kijiko mkononi mpaka uji ukapoa, akingoja machozi, nayo hayakuja.