Kidude cha Rosalie

Verlyn Kratochvil alikuwa na masikio mawili makubwa, na yote mawili yalikuwa mapambo tu. Upepo wa barabara za Nebraska, kule Marekani, ulikuwa umeyamaliza. Hakumwambia mtu; alisoma midomo ya watu, akajibu. Angesema nini? Yeye ndiye aliyetangulia kila Jumapili, pikipiki sita nyuma yake, wakienda mji wa Wilber kula kolachi, vile vimkate vitamu vya jemu, na kwenye usukani wake ndiko kulikofungwa kile kidude kinachonusa tochi za polisi za kupimia mwendo. Kikilia, kazi ya Verlyn ni kujigonga kofia kwa kiganja, na wote nyuma wanapunguza mwendo. Desturi yao ilikuwa kidude kimoja, cha kiongozi. Mwingine akija na chake, maana yake anautaka uongozi.

Basi fikiria alivyojisikia Ijumaa ile Rosalie Beran alipoingia gereji kwake akisukuma pikipiki yake, na boksi jipya mkononi.

Rosalie alikuwa mpishi wa shule, mjane, mcheshi, na miaka yote hiyo alikuwa akiendesha wa pili, nyuma yake kabisa.

"Nifungie hiki, mzee. Wewe ndiye fundi wetu."

"Cha nini? Changu hakitoshi?"

"We funga tu, bwana. Maswali kama trafiki!"

Akaenda kumsalimia mke wa Verlyn jikoni. Verlyn akabaki na kidude mkononi, roho inamuuma. Kumbe wamemchoka. Leo kidude, kesho watamwambia auze pikipiki akae kibarazani.

Kazi aliijua. Akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akaupitisha chini ya tanki na kuubana usiguse injini. Kilichobaki kilikuwa bano la kukishika, na bano ndilo lenye kazi, kwa sababu kidude lazima kiione barabara wazi. Chuma kikikaa mbele yake, kidude kinakuwa kipofu. Mahali pake palikuwa juu, karibu na kioo cha pembeni. Verlyn akakifunga chini, nyuma ya kile chuma kinene kinachoshika taa kubwa. Kilipendeza sana, kimekaa kama kimezaliwa pale, na kisingenusa lolote. Nikisema alikuwa mtu mwema, msinicheke. Watu wema nao wana wivu, tena wao hawajauzoea.

Rosalie akarudi anafuta mdomo. Akawasha injini. Kidude kikawaka taa ya kijani.

"Safi! Sasa sikiliza," akasema, akasogea mpaka mbele ya uso wake na kupaza sauti. "Hiki kikilia, nitakumulika kwa taa kubwa. Utaiona kwenye kioo chako. Ukiiona, jigonge kofia kama kawaida."

Verlyn akamkodolea macho.

"Wiki iliyopita, pale nje ya duka," Rosalie akaendelea, "ile milango inayojifungua yenyewe, yenye mawimbi kama ya tochi, ilikitia wazimu kidude chako. Kinapiga kelele mpaka watoto wanaziba masikio. Wewe umekiegemea, unakunywa kahawa!"

"Wengine wanajua?"

"Hawajui, na kwangu hawatajua. Wewe kaa mbele. Mimi sitaki mbele, mbele kuna wadudu."

Verlyn alitaka ardhi immeze. Angeweza kunyamaza. Kesho angetafuta kisingizio, akakisogeza kidude bila mtu kujua, na heshima yake ingebaki nzima. Aliliona wazo hilo, na likamtia kinyaa.

"Hakitalia," akasema.

"Eti?"

"Nimekiziba na chuma. Makusudi. Nilidhani unataka nafasi yangu."

Rosalie akainama, akatazama lile bano zuri, akatazama chuma mbele yake. Akasimama. Uso umemwiva. Akageukia mlangoni, akatikisa kichwa, akasema maneno marefu kidogo huku amempa mgongo, na injini inanguruma.

Verlyn akageuza ufunguo, akazima pikipiki.

"Rosalie," akasema, "sikusikia. Sema tena."

Mama wa watu akageuka, machozi yanamlengalenga na mdomo unataka kucheka.

"Nimesema wewe ni mjinga, Verlyn Kratochvil!" akafoka, mpaka mke wa Verlyn akachungulia dirishani. "Mjinga mkubwa! Na Jumapili tunaondoka saa tatu, kwa hiyo chukua spana!"

Akachukua spana.