Deki Tatu Nyuma ya Shuka

Mama alizoea kusema kwamba kaka yangu alizaliwa na masikio, sisi wengine tukapewa mahali pa kutundikia miwani tu. Chungu cha jirani kikianza kuchemka hadi kumwagika, kaka ndiye aliyesikia, akaenda kubisha hodi. Alipopata kazi ya fundi sauti kwenye kituo cha redio, wenzake walimwita Masikio mpaka jina lake la ubatizo likasahaulika. Alikaa mbele ya mitambo ile miaka kumi na tisa. Kazi yangu ya mapokezi kwenye kituo hichohicho, yeye ndiye aliyeniombea.

Mwaka juzi alianza kulalamikia deki ya studio, ile inayopiga nyimbo.

"Imeziba," alisema. "Sauti imefunikwa blanketi."

Wakamletea deki nyingine. Nayo imeziba. Wakamletea ya tatu, mpya, bado ina karatasi zake. Hiyo nayo ikawa vilevile. Mtangazaji wa asubuhi, mama mmoja ambaye mdomo wake haujui likizo, akamvaa.

"Masikio, wimbo humo ndani ni namba. Namba ikipita deki hii au ile ni ileile. Saba haitoki imenenepa!"

"Namba hazisikiki, mama. Lazima zigeuzwe ziwe sauti, na hapo ndipo mashine zinatofautiana. Maji ni yaleyale, lakini hebu yanywee kwenye kopo la rangi."

"Basi kopo ni wewe!"

Watu walicheka. Kaka hakucheka. Ili kuondoa hilo blanketi alikuwa akizidisha ukali wa sauti, na wasikilizaji walianza kupiga simu kwamba vipindi vinawachoma masikio. Mkuu wa kituo alimwambia wazi: kipindi kimoja zaidi kikiharibika, atatoka studio aende stoo.

Siku hiyo alikuja mezani kwangu na hedifoni.

"Dada, wewe hujawahi kunidanganya. Sikiliza deki hii, halafu hii. Ipi imeziba?"

Nilisikiliza mara mbili. Zilikuwa sawa kama mapacha. Nikamtazama usoni, nikamwonea huruma.

"Ya kwanza," nikasema. "Imeziba kidogo."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mungu akubariki. Nilidhani ni mimi."

Kwa neno langu hilo alikwenda kwa mkuu kifua mbele, akaomba apimwe mbele ya watu wote. Mtangazaji alitandaza shuka mbele ya meza, akapanga deki zote tatu nyuma yake. Kaka akaketi mbele ya spika. Ukapigwa wimbo wa kwaya aliourekodi mwenyewe.

"Imeziba," alisema.

Ukapigwa tena. "Hii imeziba zaidi."

Mara ya tatu alikuwa amegeuza kiti kidogo ili amwone mkuu. Uso wake ukafunguka. "Hii! Hii ndiyo sauti! Mnaisikia?"

Mtangazaji akavuta shuka. Deki mbili hazikuwa hata zimechomekwa kwenye umeme. Mara zote tatu ilipiga moja tu.

Kicheko kilichotoka humo sijakisahau. Lakini kuna jambo niliona kutoka mlangoni, na sikulisema. Alipoufurahia wimbo, sikio lake la kulia ndilo lililokuwa limeelekea spika. Nilitaka kusema, "Kaka, kwani sikio la kushoto lina nini?" Ila ningesema hivyo, ningelazimika kueleza kwa nini nilimwambia na mimi nasikia blanketi. Nikafunga mdomo, nikarudi mapokezi kupokea simu.

Wakampeleka stoo, kuhesabu nyaya. Aliendelea kuamini kwamba zile deki zilikuwa mbovu zote tatu. "Hata dada yangu alisikia," aliwaambia watu.

Miezi minane baadaye alianguka ngazini. Daktari alituonyesha picha: uvimbe nyuma ya sikio la kushoto, umekua kama limau, umeegemea ubongo.

"Alianza lini kutosikia vizuri?" akauliza.

"Miezi michache," wifi yangu akajibu, kwa sababu ndivyo alivyojua.

Mimi nilijua ni mwaka na zaidi. Daktari alisema ungekuwa bado mdogo, wangeutoa. Nilitoka nje nikashika ukuta, nikamwomba Mungu airudishe siku ile moja tu, ya mimi na hedifoni.

Siku mbili kabla hajatuacha aliniuliza kwa sauti ndogo, akitazama dari, "Dada, ile deki ya kwanza. Uliisikia kweli?"

Nilikuwa nimeketi kushoto kwake. "Hapana, kaka," nikasema. "Sikusikia tofauti yoyote. Nilikudanganya. Nisamehe."

Akangoja. Kisha akatabasamu, akapapasa mkono wangu. "Najua uliisikia. Sisi wawili tu."

Ningeweza kuinuka. Kuzunguka kitanda kile hadi sikio lake la kulia ni hatua nne. Nilizihesabu, nikabaki nimeketi.

Wananiambia niungame, Mungu anasikia. Nimeungama. Lakini niliyemdanganya ni kaka yangu, na kila nikipiga magoti najikuta bado niko upande uleule wa kitanda.