Mashine ya Gemu Waliyoigawa

Mashine ya gemu baba aliinunua madukani Ruwi, akampa kaka yangu. Kaka aliichoka upesi, akarudi kwenye mpira wake. Tangu hapo ikawa yangu, ingawa hakuna aliyetamka hivyo. Nikitoka skuli nilikaa sakafuni kwetu Darsait, kiyoyozi kikinguruma, nikacheza mpaka adhana ya Magharibi.

Nilikuwa mtoto wa hasira. Nikikosea hesabu, nachana karatasi. Lakini gemu haina cha kuchana. Unakufa, unaanza tena, unajiuliza umekosea wapi. Kulikuwa na ngome moja iliyonishinda miezi na miezi. Siku niliyoivuka nilipiga ukelele, mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani nimeungua.

Kisha nikavunja ungo. Shangazi, dada yake baba, alikuja kututembelea akanikuta nimenyoosha miguu mbele ya tivii. Mimi hakunisemesha. Alimgeukia mama.

"Huyu keshakuwa mwari. Watu washaanza kumuulizia, naye kutwa na michezo ya watoto wa kiume? Nipe niwapelekee wanangu."

"Chukua," mama akasema.

"Mama, ile yangu!"

"Yako? Kakununulia nani?"

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Neno lake moja tu lingetosha. Alivaa viatu vyake vya mpira akatoka.

Sikukuu iliyofuata tulikwenda kwa shangazi, Qantab. Mashine ilikuwa imemwagikiwa soda, wanawe wanaipiga makofi ili iwake. Nikaomba niangalie michezo niliyoihifadhi. Walikuwa wameifuta yote, na ngome yangu pamoja nayo. Nikala biriani, nikawapa mkono wakubwa.

Miaka ya elfu mbili nikaanza kazi, kutafuta makosa kwenye programu za kompyuta. Mshahara wa kwanza ulinipeleka moja kwa moja dukani Ruwi.

"Ya mwanao?" muuzaji akauliza kwa Kiarabu.

"Yangu."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Kazini walinisifu kwamba sichoki kurudia jambo mpaka nilipate. Walidhani nimelelewa hivyo. Nani alinilea hivyo? Nilijifunza sakafuni, nikifa na kuanza upya, mpaka wale wa nyumbani wakaninyang'anya.

Ijumaa moja tulikuwa na wageni kwa mama, sote tumekaa kula, shangazi naye akiwamo. Kaka akaanza kuwasimulia ujana wake.

"Nyumba hii bingwa wa gemu nlikuwa mimi. Kulikuwa na ngome moja ngumu, nkaimaliza."

Niliacha kula. "Ukishaivuka, ndani mna nini?"

Akacheka. "Nshasahau, dada."

"Hukusahau. Hukufika."

"Yashapita hayo, mwanangu," mama akasema. "Tuna wageni."

"Hayajapita. Mlinipokonya kitu nilichokiweza kuliko wote humu ndani, na leo anajisifu nacho yeye!"

Wageni waliinamia sahani zao. Shangazi akaomba maji. Nilinawa, nikaaga, nikaondoka.

Kesho yake mama alinipigia simu kuuliza kama nilifika salama. Nikamwambia nilifika.

"Siku ile nlipoitoa mashine, mimi nliona aibu ya watu," akasema.

"Najua, mama. Ndiyo inayoniudhi."

Hakukata simu, wala mimi sikukata. Nilimsikia akivuta pumzi, nami hasira ilikuwa bado haijanitoka.