Mkono wa Kushoto wa Chapuchapu

Kiwandani walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa kwa sifa za bure. Alikuwa akikata soli za ndala, na tangu aingie pale hakuna mtu, mwanamke wala mwanamume, aliyewahi kumfikia.

Aliyeitengeneza mashine ile hakuwa mjinga. Aliiwekea batani mbili, moja kulia na moja kushoto, na kisu hakishuki mpaka zote zibonyezwe kwa pamoja, ili kikija kikute mikono yote iko mbali. Lakini mikono yote ikishika batani, nani atasukuma mpira? Kazi inalala, na pale mtu alilipwa kwa alichokata. Basi batani ya kushoto ilifungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ikashinda imebonyea. Haikuwa siri. Msimamizi wao, mzee mcheshi aliyeitwa Mjomba ingawa hakuwa mjomba wa mtu, ndiye aliyemfungia kila mgeni siku yake ya kwanza, huku akimtania, "Na huu wa kushoto nao ule jasho lake."

Hata wifi yake Chapuchapu, mke wa mdogo wake, alifungiwa hivyo hivyo. Aliingia pale kwa mgongo wa Chapuchapu, akapewa mashine ya jirani.

Siku kisu kilipomkuta Chapuchapu, hakupiga kelele. Aliona kwanza, ndipo akahisi. Mkono wa kushoto ulibaki na gumba peke yake. Wakati wanambeba kumpeleka kwenye gari aligeuza shingo, akamwona Mjomba ana kiwembe, anapita mashine moja baada ya nyingine akikata vile vipande vya tyubu na kuvitia mfukoni. Cha mashine ya Chapuchapu tu ndicho alichokiacha.

Mjomba alimfuata hospitali na machungwa.

"Bibie, mkaguzi anakuja. Mwambie ulijifungia mwenyewe, yaishe. Ukipona tutakutafutia kazi ya kufagia."

"Nifagie kwa mkono upi, Mjomba?"

"Usiwe mkaidi. Nakutakia mema."

"Rudi na machungwa yako. Siwezi kuyamenya."

Mkaguzi wa usalama kazini alikuwa kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Aliwakusanya wakataji wote, na Chapuchapu naye alikuwapo, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Akasema wazi: ikiwa mama huyu alifunga batani kwa ukaidi wake, fidia hana. Ikiwa ndio mtindo wa humu ndani, kiwanda kitamlipa.

"Haya, nani mwingine anafunga?"

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Mjomba alisimama nyuma yao, mikono mfukoni.

Mkaguzi akamgeukia wifi. "Wewe uko jirani yake. Unafunga?"

"Mimi? Hapana. Ni yeye na haraka zake. Tulimwambia sana."

Chapuchapu alimtazama hadi yule akajifanya anarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Vizuri," mkaguzi akasema. "Hebu nikatie soli moja nione."

Wifi akawasha mashine. Mkono wa kulia ukaenda kwenye batani. Wa kushoto ukaenda moja kwa moja kushika mpira, kama ulivyozoea. Akabonyeza. Kisu hakikushuka. Akabonyeza tena kwa nguvu, akainama kuchungulia kama kuna kilichokwama. Kule nyuma mtu alishindwa kujizuia, akachekea puani. Ndipo wifi alipoangalia mkono wake mwenyewe pale chini ya kisu, akauondoa kama umeungua.

"Una muda gani hujakata kwa mikono miwili?" mkaguzi akauliza taratibu.

"Leo mkono unaniuma tu."

"Dada, nimeona. Sema neno moja tu, nikusikie."

Wifi akageuka kumtazama Mjomba. Halafu akasema, "Alijifungia mwenyewe."

Mkaguzi alizisimamisha mashine zote siku ile ile, mpaka batani zichomelewe vifuniko vya chuma ili zisifungike tena kwa tyubu. Getini alimsubiri Chapuchapu.

"Mama, kwa mashine nimewabana. Kwa mkono wako sijui. Mimi nimeona, lakini watakaoamua watauliza nani amesema."

"Kwa hiyo macho ya serikali hayasemi?"

Na walioamua waliamua alivyohofia: uzembe wa mfanyakazi, fidia hakuna. Vifuniko vilichomelewa kweli, imara kabisa. Wakataji wakawa wanarudi nyumbani na vidole vyao vyote, wakinung'unika kwamba Chapuchapu amewapunguzia kipato.

Wifi alikuja siku nyingi baadaye, ameinamisha kichwa.

"Wifi, ningefanyaje? Nina watoto."

"Na mimi nyumbani nilikuwa nafuga kuku, si watoto?"

"Hata hivyo sasa hakuna atakayekatwa tena. Hilo nalo ni jema, limetoka kwako."

"Weka mkono wako hapa mezani. Huo wa kushoto."

Wifi akasita, akauweka. Chapuchapu akauangalia bila haraka: kidole kimoja kimoja, kucha zimepakwa rangi, pete ya mdogo wake ipo mahali pake. Alijua ni nani aliyeulipia, na kwa mkono upi.

"Mzuri," akasema. "Nenda nao. Usiulete hapa tena."

Mdogo wake alikuja kusuluhisha. "Dada, damu ni damu, msamehe mke wangu."

"Wewe karibu, kaa. Chai ipo. Ya kwako tu."

Akammiminia kikombe kimoja kwa mkono wake wa kulia, asimwage hata tone, akakaa kumtazama akinywa.