Fremu ya Mkunga

Watu walimwita Fundi Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Ukimpelekea baiskeli asubuhi azibe pancha, uliambiwa urudi alasiri. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa na mazoea ya kukitazama kitu, kukigeuza, kukipima na kukitazama tena kabla hajakigusa kwa spana. Mke wake, aliyeshona nguo katika chumba cha pili cha jengo lile lile, alikuwa akisema kwamba mumewe akifunguliwa mlango wa peponi ataanza kwa kukagua bawaba.

Siku moja aliingia mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amebeba fremu ya baiskeli begani kama mtu aliyebeba ngazi. Haikuwa na magurudumu wala usukani, ila uma wa mbele ulikuwa bado mahali pake. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi ya geti, tabaka juu ya tabaka.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, mwalimu, karibu. Umetuletea mgonjwa?"

"Sijui kama ni mgonjwa au ni maiti. Ni ya mama yangu. Imelala stoo tangu nikiwa shule ya msingi. Nataka uniambie ni ya wapi, halafu uisafishe vizuri. Nitaitundika sebuleni kwangu, mama akija aione ukutani."

Alipoondoka, fundi aliibana fremu kwenye jiriwa, akatoa vernia, kipimo chake cha unene. Bomba la chini lilikuwa milimita ishirini na nane kamili. Karibu kila baiskeli iliyopita mikononi mwake ilikuwa na ishirini na nane na nukta sita. Akapima tena. Bomba la siti lilizikataa nguzo zote za siti alizokuwa nazo, isipokuwa moja nyembamba iliyokaa kwenye kopo miaka na miaka bila mwenyewe. Akakwangua rangi kidogo penye kiungo cha mabomba. Chini ya weusi ule kulikuwa na buluu ya bahari kuu, na kandokando ya kiungo mtu alikuwa amechora kwa brashi mstari wa dhahabu, mwembamba kama unywele. Kichwani mwa fremu palikuwa na matundu mawili madogo ambapo zamani palibanwa nembo. Nembo yenyewe haikuwepo, na jina halikuwepo popote.

"Mfaransa," alisema peke yake. "Kumbe wewe ni Mfaransa."

Akaipindua ili atafute namba chini ya tumbo la fremu, pale ekseli ya pedali inapopita. Namba aliiona. Aliona pia, upande wa kulia, alama tatu za patasi zimeuma ukingo wa chuma. Akavuta kigoda, akakaa.

Alama zile alizipiga yeye.

Ilikuwa miaka ishirini na sita nyuma, naye ndiyo kwanza ameacha kufanya kazi chini ya watu. Mkunga wa zahanati alimletea baiskeli nyeusi iliyokuwa ikicheza kwenye pedali. Pale ndani kuna vikombe viwili vinavyoshikilia gololi, kimoja kila upande, na fundi alikuwa amefundishwa kwamba kikombe cha kulia hufunguliwa kinyume na skrubu nyingine zote, yaani kwa kukizungusha kama mshale wa saa. Akakizungusha hivyo. Kikagoma. Akachomeka bomba refu kwenye spana, akaning'inia. Kikagoma. Akaleta patasi na nyundo. Kikombe kilipotoka, kilitoka vipande vipande pamoja na hesi za fremu, zile njia zinazoshika skrubu. Akajaribu kulazimisha kikombe kipya cha kawaida, kikamalizia kutafuna kilichobaki.

Mkunga aliporudi, fundi hakumtazama usoni. Alimwambia, "Chuma kimechoka, mama. Umeipakia mizigo mizito. Fremu imekufa." Mkunga alisimama kidogo, akashukuru, akaibeba, akaenda zake.

Miaka mitano baadaye alikipata kitabu kikuukuu cha ufundi kisicho na jalada. Humo akasoma kwamba baiskeli nyingi za Wafaransa wa zamani zina kikombe cha kulia kinachofunguka kama skrubu yoyote ile. Maana yake siku ile, kwa nguvu zake zote, alikuwa anakikaza. Alikwenda zahanati mara moja kumtafuta mkunga, akaambiwa amehamishwa. Alirudi nyumbani akiwa amepata nafuu, na nafuu ile ilimsumbua kuliko kosa lenyewe.

"Leo una nini?" mke wake alimuuliza wakati wa chakula cha mchana. "Umekuwa kimya kuliko hizo fremu zako."

Akamweleza. Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na mbili, na hakuwa amewahi kulitamka. Mke wake alitafuna, akameza, akafuta mikono.

"Huyo mama yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi mimi unanieleza nini?"

Mwalimu alipopigiwa simu alidhani fundi anataka kuulizia rangi. Fundi alisema anaomba kuonana na mwenye baiskeli, kwa sababu kuna jambo la kuamuliwa naye. Mwalimu akalalamika kwamba alitaka mama ashtukizwe, lakini mwishowe alimpa maelekezo ya nyumba.

Mkunga mstaafu alikuwa na miaka sitini na minane, mwembamba, mwenye mikono ya mtu asiyeacha kitu kianguke. Alimkaribisha kwenye kibaraza, akamletea maji. Hakumkumbuka. Fundi aliishika bilauri bila kunywa, akaeleza yote, kuanzia spana hadi maneno aliyoyasema. Hakujitetea kwamba wakati ule alikuwa kijana. Alikuwa amekusudia kulisema hilo, lakini lilipofika mdomoni aliliona limelegea.

Mama alisogeza kiti chake karibu.

"Wiki moja kabla ya hapo," alisema, "nilimpakia mwanamke mwenye uchungu. Gari halikupatikana. Nilimweka nyuma kwenye keria, nikasukuma na kuendesha, kusukuma na kuendesha, mpaka hospitali. Alijifungua salama. Uliponiambia nimeipakia mizigo, nikajua ni yeye. Mume wangu alikuwa baharia. Fremu ile aliitoa mbali, akaipaka rangi ya geti kwa mkono wake isije ikatamaniwa. Akaniambia, 'Mke wangu, nimekuletea kitu cha maana, umekivunja kwa kutaka sifa.' Tulinuniana miezi. Halafu yakapita, lakini hakuwahi kuniletea kitu tena."

"Mzee yuko wapi sasa?"

"Amefariki, miaka tisa sasa. Ameondoka akiamini hivyo hivyo."

Fundi aliiweka bilauri chini. Alisema, "Nisamehe, mama," na yalikuwa maneno madogo kwa kazi ile.

"Hilo tuliache kwanza," alisema mama. "Fremu inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Tutachonga tumbo lake, tuingize bomba jipya ndani, tulichomelee kwa shaba, halafu tukate hesi upya. Hapo ndipo nilitaka kukuuliza. Naweza kukata za Kifaransa, ibaki kama ilivyozaliwa. Au za kawaida, ambazo vikombe vyake vinapatikana kila duka."

"Binti yangu anataka nini?"

"Anataka kuitundika ukutani."

Kwa mara ya kwanza mama alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi. "Mimi sijafa, na fremu nayo unasema haijafa. Kata za kawaida. Sitaki fundi mwingine aje akutane na fumbo."

Kazi ilichukua wiki saba. Mkereza vyuma wa mtaa wa nyuma aliichonga kwa mashine yake huku fundi amesimama begani kwake, mpaka mkereza akamwomba aende akavute hewa. Shaba ilipoyeyuka na kuzunguka mwanya wote bila kuacha tundu, wote wawili walipangusa nyuso kama watu waliomaliza kuomba. Rangi ya geti aliitoa kwa dawa, kitambaa na kucha, akiogopa msasa usije ukala ile buluu. Sehemu kubwa ya buluu ilikuwa imekwenda, akaipaka upya. Mistari ya dhahabu aliyoikuta hai aliiacha, na iliyofutika akaichora, mke wake akimshikia taa. Alama tatu za patasi angeweza kuzijaza zisionekane. Alizilainisha ukali tu, akaziacha, kisha akaifunga fremu magurudumu, usukani, siti na breki.

Siku ya kuichukua, mama alikuja na mwalimu. Aliizunguka baiskeli, akainama, akapitisha kidole kwenye zile alama.

"Ni hizi?"

"Ndizo."

"Mweleze binti yangu."

Mwalimu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Fundi akaeleza tena, safari hii amesimama katikati ya karakana yake, na mteja mwingine amekaa pale akisubiri mnyororo. Mwalimu aliposikia habari ya baba yake, aliziba mdomo kwa kiganja. Alikumbuka ule ugomvi. Siku zote alikuwa akidhani ulihusu jambo jingine kabisa, tena zito zaidi, na hakuwahi kuthubutu kuuliza.

Mama alipanda baiskeli katika uwanja ulio mbele ya maduka. Mizunguko miwili ya kwanza aliyumba, binti yake akikimbia pembeni na mikono wazi. Wa tatu akanyooka. Alipoteremka alikuwa anahema, akasema siti iko juu kidogo na breki ya nyuma inalia.

Hakuwahi kutamka kwamba amemsamehe, na fundi hakuuliza tena. Lakini mama anampelekea baiskeli kila baada ya miezi miwili mitatu, ingawa kuna fundi mwingine karibu zaidi na nyumbani. Haiachi akaondoka. Huvuta kigoda, akakaa upande ule wa mkono wa kulia, akatazama kila spana inakogeukia. Asipoelewa, anauliza, na fundi anasimamisha kazi na kumjibu.